Nyavu Nilizopokea kwa Mikono Miwili

Urithi wangu nilikabidhiwa ndani ya gunia la mbolea. Ilikuwa Jumamosi, mwezi mmoja na siku chache baada ya kumzika baba, nyumbani kwetu nje kidogo ya Karurumo. Wazee watano wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, mbuzi ameshachinjwa, na kaka zangu wawili wamevaa makoti kana kwamba tuko kanisani. Kaka mkubwa akapewa upande wa juu wa shamba, penye nyumba na kahawa. Kaka wa pili akapewa upande wa barabarani. Tangi la maji likapata mwenyewe, ng'ombe akapata mwenyewe, hata bomba la kunyunyizia kahawa dawa, ambalo lilikuwa limetoboka tangu mama akiwa hai, likabishaniwa mpaka chai ikapoa. Upande wa chini, ule unaoteremka hadi kijitoni, ulitajwa kwa haraka. Ukawekwa mikononi mwa kaka mkubwa “kwa niaba ya familia”, na hakuna aliyeuliza familia ni nani.

Halafu kaka mkubwa akainuka, akaingia stoo, akarudi akiburuta gunia.

“Na huyu sister yetu hatujamsahau,” akawaambia wazee. “Hii vitu ya samaki ya mzee ni yake. Ndiye alikuwa anajua hiyo maneno.”

Wazee wakacheka, kicheko cha watu walioshiba. Nikaitwa mbele. Nikapokea gunia kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama nilivyofunzwa, nikasema asante. Mzee mkubwa kuliko wote akanitemea mate kidogo viganjani, ndiyo baraka yetu, akasema, “Mwari wetu, binti yetu, umepewa, umepokea. Enda nayo salama.” Kisha tukala nyama, nami nikala.

Aibu yangu ni kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na neno moja tu la kusema, nalo lilihusu ule upande wa chini, kwa sababu mdogo wangu, dada yangu wa pekee, amezikwa pale. Nilitaka kuomba sehemu ya kaburi lake na njia ya kupita, basi. Lakini gunia lilipofika mbele yangu, likatoa ile harufu ya matope na samaki wa zamani, neno likaniponyoka. Nililikumbatia mbele za watu kama mjinga. Mwanamke mzima, mwalimu aliyefundisha miaka ishirini na kitu, mama wa watoto watatu.

Kwetu, ukipokea kitu kwa mikono miwili mbele ya wazee, ukatemewa mate na ukala mbuzi, umekubali kwamba hilo ndilo fungu lako na huna lingine. Kila mtoto wa Embu anajua hivyo. Mimi pia nilijua. Ungeniuliza siku nyingine yoyote ningekueleza vizuri kuliko wazee wenyewe. Siku ile nilidhani wananibariki, kumbe wananifunga kamba.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Mabwawa ya Mto Tana yalipokuwa yakijengwa kule chini Mbeere, aliteremka kutafuta kazi, akapata, akakaa miaka. Huko alilala chumba kimoja na mwanamume kutoka upande wa ziwa, na mtu huyo ndiye aliyemharibu, kama nyanya alivyosema mpaka anaingia kaburini. Alimfundisha kusuka wavu, kuutega na kuutegua, kufunga ndoana, kusoma maji. Na jambo baya kuliko yote, alimfundisha kula kilichonaswa.

Sisi watu wa mlimani hatukuwa tukila samaki. Kwa wazee wetu samaki alikuwa nyoka wa majini, na mtu mwenye akili timamu hali nyoka. Kazi ya bwawa ilipokwisha, baba alirudi nyumbani na mwiko wa fundi, timazi, na nyavu mbili. Kuanzia hapo kila alipopata nafasi aliteremka tena kwa baiskeli, akarudi Jumapili jioni na mfuko wa tilapia na kambare. Kijiji kizima kilijua amefika kabla hajapiga kengele ya baiskeli.

Mama hakumkataza. Alimwekea mipaka. Kulikuwa na sufuria moja nyeusi isiyo na kifuniko, iliyoishi nyuma ya jikoni chini ya migomba, na haikuwahi kuvuka mlango wa jikoni yake. Baba alipika mwenyewe kwenye mawe matatu. Aliyekula alinawa kwa majivu na ndimu kabla ya kugusa kikombe cha mama. “Mimi niliolewa na fundi wa mawe,” alipenda kuwaambia wanawake wenzake wa kanisa, “sikuolewa na fisi maji.” Nao wangecheka, na baba angecheka zaidi yao, huku akitoa miiba mdomoni.

Shuleni tuliitwa watoto wa nyoka. Kaka zangu walipigana kwanza, halafu wakachoka kupigana, wakaanza kuona haya. Kaka mkubwa, baba akirudi na mfuko wake, alikwenda kulala kwa jirani. Alisema harufu inaingia kwenye yunifomu. Leo kaka huyohuyo ukimkuta mjini Embu siku ya mwisho wa mwezi, amekaa mbele ya tilapia wa kukaanga, mikono imejaa mafuta hadi vifundoni, anawafundisha watu jinsi ya kunyonya kichwa. Nimemwona kwa macho yangu. Nikakumbuka baba, aliyekula peke yake chini ya migomba miaka thelathini ili mtoto huyu asije akanuka.

Lakini hakula peke yake kabisa. Alikula na sisi wasichana wawili.

Mdogo wangu nilimzidi miaka minne. Shule zikifungwa, kwa kuwa wavulana walikataa, baba alituchukua sisi. Alikuwa na kibanda cha udongo karibu na bwawa, alichojengewa na familia moja ya Wambeere aliyowahi kuwajengea nyumba. Jua la huko si la binadamu. Tulishinda chini ya mti wa miiba tukikata ndara kuukuu vipande vipande, tukivitoboa na kuvipanga kwenye kamba ya juu ili wavu uelee. Kwenye kamba ya chini tulifunga vipande vya risasi alivyoviyeyusha mwenyewe kutoka betri mbovu za gari. Majini hatukuruhusiwa kupita magoti, kwa sababu ya mamba. Baba alichora mstari kwenye mchanga kwa kisigino, akatuonyesha fimbo, na hakuna aliyeuvuka.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kushona nyavu zilizotatuka. Mimi sikuwa na subira. Mafundo yangu yalikuwa makubwa, na baba aliyaangalia akasema, “Haya ni ya kufungia mbuzi.” Ya mdogo wangu yalikuwa madogo, yamekaza, yote sawasawa. Alianza akiwa na miaka saba. Alishika ile sindano ya mti iliyozungushiwa uzi, akaweka ncha ya ulimi nje ya mdomo, na alipomaliza hukuweza kuona tundu lilikuwa wapi. Kufikia miaka kumi baba hakushona tena nyavu zake mwenyewe. Alimngojea yeye.

Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikaolewa Kanyakine, kule Meru. Kaka mkubwa akapata ofisi mjini. Kaka wa pili akafungua duka la misumari na mabati. Mdogo wangu akabaki. Hakuolewa, na kwetu mwanamke asiyeolewa huonekana kama mgeni aliyesahau kuondoka. Kila kikao cha familia mtu alimwuliza mipango yake, hata akiwa na miaka arobaini, hata akiwa amembeba mama mgongoni kumpeleka chooni. Maana ndiye aliyemwuguza mama. Mama, ambaye kwenye ugonjwa wake daktari alimshauri ale samaki, akafumba macho, akaziba pua, akala kijiko kimoja cha mchuzi alichopewa na mdogo wangu, kisha akasema, “Ongeza mchuzi. Mchuzi tu.” Tulicheka siku ile mpaka baba akalazimika kutoka nje. Alikuwa amengoja miaka yote hiyo. Mama alikufa baada ya wiki tatu, akazikwa upande wa juu, karibu na kahawa, ambapo baba angemfuata.

Kisha baba akapigwa na kiharusi. Kikachukua ulimi wote na mkono wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto na macho. Mdogo wangu akaanza upya: kulisha, kuogesha, kugeuza. Kaka zetu walikuja Krismasi na mkate na soda, wakapiga picha na mzee. Mimi nilikuja kila likizo, na sijisifu, maana likizo ni tatu kwa mwaka na mzee hula kila siku.

Ugonjwa wa mdogo wangu ulianzia kooni. Kwanza ugali ukawa haupiti. Akasema ni mafua. Halafu ndizi za kupondwa zikawa hazipiti, halafu uji. Saratani ya koo huku kwetu tunaijua kama tunavyojua mvua, lakini kila nyumba hujifanya imekuja kwa jirani. Alipokubali kwenda kupimwa alikuwa amebaki mifupa. Hata hivyo hakuacha kumlisha baba. Nilimkuta mara moja anampa baba uji kwa kijiko, na yeye mwenyewe tangu asubuhi hajameza kitu, anatema mate kwenye kikopo. Nikamwambia apumzike nimlishe mimi. Akasema, “Wewe unamharakisha.” Ni kweli. Nilikuwa namharakisha.

Alikufa miaka miwili kabla ya baba. Na hapo ndipo kaka mkubwa alipoonyesha alivyo.

Tulikaa sebuleni kupanga mazishi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, amefunikwa blanketi. Nikasema mdogo wangu azikwe juu, kando ya mama. Kaka mkubwa akasema binti asiyeolewa hazikwi karibu na wazazi, huleta mkosi kwa wasichana wa ukoo wasiolewe, na kwamba kule chini kijitoni kuna nafasi nzuri, pametulia. Kanisani kaka huyu ni mzee wa kanisa. Anaamini Yesu alifufuka siku ya tatu, na anaamini pia kwamba maiti ya dada yake itawazuia binti zake kupata wachumba.

Baba akaanza kupiga mkono wa kiti. Alipiga kwa kiganja cha kushoto, pa, pa, pa, halafu akanyoosha mkono huo kwenye dirisha linaloangalia kahawa, linaloangalia kaburi la mama. Akafanya hivyo mara nne au tano. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kila mtu chumbani alielewa.

“Unaona, hata mzee anasema twende nje tuonyeshwe mahali,” akasema kaka mkubwa. “Mzee amekubali.”

Nikasema sivyo. Nikapaza sauti. Kaka wa pili akaangalia viatu vyake, na mchungaji akasema tusilete vita mbele ya marehemu. Wakamteremsha mdogo wangu hadi kijitoni, kwenye napia, yale majani ya kulisha ng'ombe, mahali ambapo mvua ikinyesha sana maji hukaa. Baba hawakumchukua. Walisema njia ni mbaya kwa kiti cha magurudumu. Nilibaki naye, na mkono ule ukaendelea kupiga kiti mpaka nyimbo za kule chini zilipokwisha. Tangu siku hiyo hakutaka tena mtu amlishe. Ilibidi tumfungue mdomo.

Sasa turudi kwenye gunia. Niliporudi nalo Kanyakine, mama mkwe wangu, mama mzuri, Mmeru halisi, alisimama mlangoni mwa stoo na kuniomba kwa adabu nisiliingize mahali penye mahindi. Nikaliweka kwenye banda la kuni. Nikalifungua peke yangu, Jumapili moja alasiri wengine wakiwa bado kanisani.

Kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye ndoana, zimeshikana kwa kutu. Kulikuwa na mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya soda, kisu cha kuparia magamba ambacho baba alikitengeneza kwa kuchonga kipande cha nondo, na leseni yake kwenye karatasi ya nailoni, picha yake akiwa kijana amekunja uso. Kulikuwa na vipande vya ndara kwenye kamba, vya rangi zote, na kimoja nilikitambua: kilikuwa cha ndara zangu za Darasa la Sita. Chini kabisa zilikuwa nyavu mbili. Moja ilikuwa imeliwa na panya, haina faida. Nyingine ilikuwa nzima.

Niliitandaza juu ya kuni na nikaanza kuipitia kwa vidole, kama baba alivyofanya kabla ya kutega. Fundo, fundo, fundo. Nilimpata baba kwenye kona, mafundo yake ya fundi wa mawe, mazito na ya haki. Nilijipata mwenyewe mahali pawili, vinundu vya aibu ambavyo hakuna aliyejali kuvifungua. Na nilimpata mdogo wangu kila mahali.

Halafu katikati nikafika mahali ambapo uzi ulibadilika. Uzi mweupe wa nyavu ulikuwa umekwisha, na mtu alikuwa ameendelea kwa uzi wa samawati, ule wa gunia, uliofumuliwa na kusokotwa upya kwa mkono. Nilijua ni lini. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa mdogo wangu. Baba hawezi kusimama, bwawa hatalifikia tena maishani, na mdogo wangu hawezi kumeza hata mate, na walikuwa wamekaa kibarazani wanashona wavu. Kwa ajili ya maji gani? Kwa samaki yupi? Nadhani alimshikisha baba upande mmoja kwa ule mkono wa kushoto. Lazima mtu alishika. Wavu haushoneki ukiwa peke yako.

Mafundo yalikuwa madogo na sawasawa mpaka karibu na mwisho. Hapo yakaanza kulegea. La mwisho halikukazwa. Nilikaa kwenye banda la kuni nikalia kwa hasira, si kwa majonzi, na tofauti naijua. Nilimlilia mdogo wangu, nikamtukana kaka yangu kwa Kiembu, ambacho nyumbani kwangu hakuna anayekielewa vizuri, na nikajitukana mimi.

Baada ya miezi mitatu kaka mkubwa akapiga simu. Kuna fomu ya mambo ya urithi, ya kupeleka kortini, na watoto wote wa marehemu wanatakiwa kutia sahihi. Yangu ilikuwa inasema kwamba sidai chochote katika shamba.

“Sitaki shamba,” nikamwambia. “Nataka pale chini alipo mdogo wetu. Hata kama ni hatua kumi kwa kumi. Iandikwe.”

“Si ulipewa yako?” akauliza. “Mbele ya wazee. Ukasema asante. Ukakula mbuzi. Sasa unataka kukula mara mbili?”

“Nilipewa nyavu.”

“Na ulizipenda. Kila mtu aliona vile ulizipenda.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakunipa gunia kwa kunidharau. Ningeweza kusamehe dharau. Alinipa kwa sababu alinijua. Alikuwa ameishi nami chini ya paa moja, alijua ni kitu gani nikiwekewa mbele sitaweza kukiacha chini, akakitumia. Kikulacho ki nguoni mwako. Zile nyavu alizozikimbia kwenda kulala kwa jirani ndizo alizonitegea, na akanivua vizuri kuliko baba alivyowahi kuvua chochote.

Mume wangu aliniambia sheria ni wazi, mtoto ni mtoto, niende kortini. Najua sheria. Nimewafundisha watoto wa watu sheria hiyohiyo ubaoni. Nikamwambia kaka kwamba sitii sahihi, tutaonana huko.

“Sawa,” akasema, bila kupandisha sauti. “Basi hata ile maneno ya msichana wako utafute mjomba kwingine.”

Kifungua mimba wangu alikuwa amepata mchumba, na wazee wa upande wa pili walikuwa wametuma habari kwamba watakuja mwezi wa nane. Kwa Wameru, na hata kwetu Embu, binti haondoki bila mjomba wake, kaka wa mama. Kuna kondoo wa mjomba, kuna baraka za mjomba, na kuna laana yake, ambayo watu wenye digrii huicheka mpaka iwaguse. Mama mkwe wangu aliposikia alikaa chini. Akaniambia taratibu kwamba mjukuu wake hatatoka nyumbani kwake akiwa na mdomo wa mjomba juu ya kichwa. Wakwe wakauliza kwa njia ya mbali kama kuna shida upande wa mama.

Binti yangu mwenyewe ndiye aliyesema, “Mami, usisign. Mimi nitaolewa tu, hata kwa AG.” Alimaanisha ndoa ya serikali, isiyohitaji mjomba. Nilimpenda sana kwa neno hilo. Na kwa sababu ya neno hilo nilitia sahihi. Nilijiambia aliyekufa hawezi kuumizwa tena, aliye hai anaweza. Maneno mazuri hayo. Mtu akitaka kufanya jambo baya hakosi maneno mazuri.

Kaka alikuja mwezi wa nane na koti lake. Alibariki vizuri sana. Watu wakasema una bahati kuwa na kaka kama huyo.

Shamba la chini liliuzwa kabla ya mwaka kwisha. Sikuambiwa. Nilisikia kwa mama mmoja tuliyesoma naye, aliyenikuta sokoni Runyenjes na kuniuliza kama ni kweli mgeni anapanda muguka, yale majani ya kutafuna, kwetu.

Nikaenda moja kwa moja. Sikupita nyumbani, nilishuka na njia ya kijitoni. Napia ilikuwa imefyekwa yote, uzio wa seng'enge umewekwa, na muguka umepandwa kwa mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Msalaba wa mbao wenye jina la mdogo wangu haukuwapo. Lakini mistari ilipofika kwenye kona ile ilikoma, ikazunguka, ikaendelea upande wa pili. Katikati kulikuwa na majani tu, na tuta la ardhi lililoinuka kidogo.

Mwenye shamba alikuwa pale, ameshika jembe, mtu wa makamo, mpole, Mmbeere kwa matamshi. Akavua kofia.

“Habari, mama. Wewe ni wa hapa?”

Nikasema ni kwetu. Nilikuja kuona tu.

“Ni vizuri umekuja,” akasema. “Kuna kitu nilikuwa nataka kuuliza mtu wa hii boma. Kaka yako aliniambia hapa walizika ng'ombe ya kimeta, nisichimbe hata kidogo, hiyo ugonjwa haikufangi kwa udongo. Sasa majirani wanasema ati ni mtu.” Akanitazama usoni. “Mama, mimi sina ubaya. Lakini kama ni mtu siwezi kukaa na kaburi ya wenyewe. Itabidi nyinyi mkuje mtoe, mpeleke kwenu.”

Kwetu. Nilitazama juu mlimani, penye kahawa, penye mama na baba. Nilijua kaka hatamfungulia mdogo wangu lango hata akiwa mifupa ndani ya gunia. Nilijua pia Kanyakine, kwa mume wangu, hawatazika dada wa mke. Sahihi yangu ilikuwa kwenye ile fomu, kwa wino wangu, hakuna aliyenishika mkono. Mahali pekee duniani ambapo mdogo wangu angeweza kulala bila kuguswa na jembe palikuwa ndani ya uongo wa kaka yangu.

“Ni ng'ombe,” nikasema.

Akapumua. “Ya kimeta kweli?”

“Ya kimeta. Nilikuwepo ikizikwa. Usichimbe, na usiache mtu achimbe.”

Akanishukuru sana, akavaa kofia, akarudi kwenye mistari yake. Mimi nilisimama pale muda, bila kupiga magoti, bila kuomba, bila kung'oa hata jani moja, kwa sababu alikuwa bado ananiangalia na hakuna mtu anayeomba juu ya ng'ombe.